Maji Niliyokataa Kunywa

Nimestaafu miezi miwili sasa, na bado saa kumi na moja alfajiri macho yangu yako wazi. Naamka, navaa buibui, nashika mkoba, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka kwamba sina pa kwenda. Binti yangu amenizoea. Ananiambia, "Mama, kaa unywe chai." Nakaa. Kabla chai haijapoa nimeshasimama tena, nimefungua bomba la jikoni na ninanusa maji. Jirani alileta madumu yake juzi nikayakagua mifuniko bila kuombwa. Alicheka, lakini jana alipitisha madumu upande wa pili.

Furaha, binti aliyeichukua meza yangu kazini, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema, "Bi Mariamu, tuandikie yale ambayo hayamo kwenye mwongozo." Sehemu kubwa ya mwongozo niliiandika mimi, kwa hiyo najua vizuri kisichokuwamo. Nimeanza kuandika mara tatu na mara tatu nimeinuka kwenda kufagia ua. Leo nimejifungia chumbani.

Sitasema lini nilipandishwa cheo wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye faili, na faili ina kumbukumbu nzuri kuliko yangu.

Siku ya kwanza niliingia maabara ya maji nimevaa viatu vya kisigino. Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Mutisya, Mkamba wa Machakos, mwanakwaya wa kanisa, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliviangalia viatu, akanipa kreti la chupa na kunipakia garini hadi ukingo wa mto Sabaki. Ilikuwa msimu wa mvua, na mto umejaa udongo wa bara. Nilirudi na chupa sita za maji mekundu na kiatu kimoja. Cha pili kilibaki kwenye tope, na nadhani kimeshafika baharini.

Bwana Mutisya alinipa kanuni tatu siku ile ile, tukiwa bado ukingoni. Ya kwanza, paka dawa ya kuua vijidudu mikononi na kwenye mdomo wa chupa kabla hujagusa maji. Ya pili, usiguse ndani ya kifuniko, hata kwa ukucha. Ya tatu ilinishangaza. "Usinywe maji uliyokuja kuyapima," alisema. "Ukiyanywa, utaumwa. Usipoumwa, utakuwa mgeni wao. Mgeni hawezi kuandika ubaya wa mwenyeji."

Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa Malindi, na kwetu kukataa maji ya mtu ni kumtukana. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Basi Mariamu, utatukana watu wengi," akasema.

Nilifanya naye kazi hadi alipostaafu yeye. Alinifundisha kupanga barafu kwenye boksi ili chupa zisigongane, kuandika kwa penseli kwa sababu wino hukimbia ukilowa, na kutomwamini mtu anayesema maji yake ni matamu. Alipenda kusema kwamba chupa haidanganyi, mkono ndio unaodanganya. Nimeirudia kauli hiyo kwenye mafunzo mara nyingi mno, na nyote mmeisikia. Nitairudia mara moja zaidi kabla sijamaliza.

Baada ya maabara nilihamishiwa ofisi ya ruzuku. Kwa wageni wa mambo haya, ruzuku ni fedha za umma zinazopewa vikundi vya wananchi ili watunze vyanzo vyao vya maji: kuzungushia kisima uzio, kujenga hori la ng'ombe mbali na maji ya watu, kupanda nyasi na miti kwenye mteremko ili mvua isiteremshe udongo na samadi. Kikundi kinajaza fomu, afisa anakwenda kuangalia, anachukua maji, anaandika ripoti. Kwa kuwa maombi ni mengi kuliko fedha, wanaotangulia ni wenye maji mabaya zaidi. Hiyo ndiyo kanuni, na ukiisoma mezani ni ya haki kabisa.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Kilichokuwa muhimu kuliko vyote ni chupa ndogo yenye karatasi ya dawa ndani. Unatia maji, unafunga, unaiweka mahali pa joto siku nzima. Yakiwa na uchafu wa choo au wa mifugo yanageuka meusi. Yakiwa salama yanabaki yalivyo. Pia nilikuwa na vidonge vidogo vya kutambua maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu. Ukitumbukiza kimoja kwenye maji ya namna hiyo, yanageuka rangi ya waridi. Vidonge vilikuwa haba, na mwongozo ulisema vitumike kwa maji ya bomba peke yake. Nani angetia dawa kisima cha porini? Sentensi hiyo niliiandika mimi.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa Mtwapa. Tulipokea ombi la kikundi cha kuhifadhi maji chenye wanachama kumi na wawili. Nilipoita majina, kumi walikuwa wa ukoo mmoja, na wawili waliobaki walikuwa wapangaji wa mwenyekiti walioshindwa kumkatalia. Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba zake za kupangisha, na kutoka kisimani hadi chooni nilihesabu hatua tisa, tena hatua zangu, ambazo ni fupi.

"Madamu," aliniambia mwenyekiti, "wapangaji wangu wanakunywa maji haya miaka yote na hakuna aliyelalamika."

"Huwa wanakaa kwako muda gani?"

"Miezi mitatu, minne. Halafu wanahama."

Aliniletea soda mbili na sahani ya sambusa. Nilikumbuka kanuni ya tatu, nikashukuru, nikaacha vyote mezani. Chupa yake iligeuka nyeusi kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. Ruzuku hakupata, kwa kuwa kikundi hakikuwapo, lakini niliipeleka chupa kwa watu wa afya na choo kikahamishwa.

Zikafuata nyingine. Kuna kikundi kilichotia mavi ya mbuzi kisimani asubuhi ya ziara yangu, ili maji yaonekane mabaya na wao watangulie kwenye orodha. Niliyakuta yakielea, bado makavu upande wa juu. Kingine kilinipeleka kwenye dimbwi lisilotumiwa na mtu, kikidai ndicho kisima chao. Mchovya asali hachovyi mara moja, na hao niliwakamata kila waliporudi. Nikaanza kujiona mjanja. Nilijua hila zote za watu wanaochafua maji ili wapate fedha, na nilifundisha wengine namna ya kuzinusa.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikiinuka.

Nyuma ya Ganda, nje kidogo ya Malindi, kuna kijiji ambacho jina lake sitalitaja, maana wenyewe wapo. Ni Wagiriama, wakulima wa mahindi na mihogo, wenye ng'ombe wachache. Maji yao yanachimbuka chini ya mteremko kwenye kisima cha wazi, na mvua ikinyesha, kila kilichoko juu ya mteremko hushuka humo. Kikundi chao cha akina mama kiliomba ruzuku, na mwenyekiti alikuwa Mama Sidi, mwanamke wa umri wangu, mrefu, asiyependa kupoteza maneno. Kabla ya ziara tulipeleka taarifa kwa chifu wiki moja mapema, kama mwongozo ulivyotaka, ili watu wakusanyike.

Nilifika asubuhi, wakati wa kiangazi. Njia ya kuteremkia kisimani ilikuwa imefagiwa, na mistari ya ufagio ilionekana kwenye mchanga. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Maji yalikuwa meupe hadi chini. Niliwasifu kwa usafi, na kwenye fomu nikaandika kwa penseli, "Mazingira mazuri."

"Karibu mwenehu," alisema Mama Sidi, akiniita ndugu kwa Kigiriama. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akateka maji kwa kata, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, akaninyoshea kwa mikono miwili. "Kunywa kwanza. Umetoka mbali."

"Ahsante sana, Mama Sidi. Nikiwa kazini sinywi."

"Hata funda moja?"

"Uniwie radhi. Ndiyo amri yetu."

Akina mama wengine walitazamana. Mama Sidi aliiangalia kata, akayamwaga maji polepole kwenye shina la mgomba. Nilisikia aibu, lakini Bwana Mutisya alikuwa ameshaniambia kwamba nitatukana watu wengi.

Nilipaka dawa mikononi, nikachota. Nilisikia harufu ya dawa ikitoka kwenye maji, nikadhani ni mikono yangu. Kwa miaka mingi nilinuka dawa hiyo mchana kutwa, hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameoa maabara.

Wakati nafunga chupa alikuja msichana wa miaka sita hivi, mjukuu wa Mama Sidi, jina lake Dama. Aliniamkia shikamoo, akachutama kando ya boksi langu.

"Maji yetu yanaenda Malindi?" aliniuliza.

"Yanaenda."

"Yatarudi lini?"

"Yatarudi na barua," nilimwambia, nikafurahia jibu langu.

Chupa ilibaki vile vile siku nzima. Niliiacha siku ya pili, nayo ikabaki vile vile. Nikaandika kwamba maji ni salama, kijiji kikashuka mwisho wa orodha, na barua ikaenda. Barua zetu za wakati huo zilikuwa za mstari mmoja: ombi lenu halikufaulu awamu hii. Sababu hazikuandikwa, kwani sababu huzaa rufaa.

Mwaka uliofuata waliomba tena. Nikapeleka taarifa kwa chifu, nikaenda. Safari hii hata majani yaliyoanguka kuzunguka kisima yalikuwa yameokotwa. Mama Sidi alinipa kata, nami nikamrudishia. Hakuniuliza kama nitakunywa funda moja. Dama alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele.

"Barua ilikuja," aliniambia, "lakini maji hayakurudi."

Nilicheka, nikamwachia kifuniko cha chupa achezee. Chupa ikabaki nyeupe. Nakumbuka nilijiuliza kidogo kwa nini watu wenye maji mazuri namna hii wanahangaika na fomu zetu. Nilikuwa na vidonge vya waridi mkobani. Vilikuwa vitano, nami nilivitunzia maji ya bomba ya Malindi mjini.

Halafu zikaja mvua za masika, nzito. Barabara ya kijiji ilikatika. Kuhara na kutapika kulianzia nyumba mbili, kukaenea, na tulipopata habari ofisini Dama alikuwa ameshazikwa. Walikuwa wamembeba hadi zahanati, na kutoka zahanati gari la kumfikisha hospitali Malindi halikuweza kuvuka. Alikufa siku ya tatu.

Nilikwenda na watu wa afya siku mbili baada ya mazishi. Hakukuwa na wakati wa kumtaarifu chifu. Nilishuka kisimani peke yangu na kukuta ng'ombe wanne wamesimama ndani ya maji, samadi imeteremka na udongo wa mteremko mzima, na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nilijaza chupa. Usiku mmoja ulitosha, asubuhi ilikuwa nyeusi tititi.

Nilirudi nayo kwa Mama Sidi. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Tulikaa kwenye jamvi, nikampa mkono wa pole. Kisha nikaitoa chupa, kwa sababu sikuweza kuvumilia.

"Mama Sidi, mara mbili nimechukua maji hapa, na mara mbili chupa haikubadilika. Ni nini kimebadilika?"

Aliitazama. "Hakuna kilichobadilika," alisema. "Ila safari hii hukusema unakuja."

Sikuelewa, akaona kwamba sikuelewa.

"Zile dawa za kutilia mtungini tulizopewa na wahudumu wa afya," alisema, "mara ya kwanza kila nyumba ilitoa kidogo. Tukazitia kisimani jioni, usiku zikafanya kazi. Tukafagia, ng'ombe tukawapeleka ng'ambo. Serikali inakuja kuchukua maji yetu, utampaje mgeni maji ya ng'ombe? Nikakupa, ukakataa. Barua ikaja kwamba tumekosa. Nikawaambia wenzangu, yule mama ameyaona bado si safi, ndiyo maana hakunywa. Mara ya pili tukatoa dawa zote."

"Zote?"

"Zote. Nawe ukakataa. Mvua ilipokuja hapakuwa na ya kutia mtungini, na zahanati ilikuwa imeishiwa."

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anavyoeleza mtu mambo ya shamba. Hakunilaumu. Aliamini kwamba walikuwa wamejitahidi kusafisha na juhudi haikutosha. Mimi nilikuwa nimekaa pale na chupa nyeusi mapajani, nikielewa kwamba wangefaulu mara ya kwanza lau wasingejitahidi kabisa.

Na mimi ni mtu wa Malindi. Kwetu mgeni akibisha hodi tunatoa vikombe vya kabatini, na mtoto anatumwa dukani kwa mlango wa nyuma ili mgeni asijue kwamba nyumbani hamna sukari. Afisa wa bara angekuwa na udhuru. Mimi niliona mchanga uliofagiwa nikausifu. Nilikuwa nimejifunza kuwanusa wanaochafua maji, na haikunijia akilini hata siku moja kwamba yupo atakayeyasafisha.

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Sikumwambia. Kwanza nilijiambia ni huruma, kwamba aliyezika juzi haambiwi jambo kama hilo. Baada ya mwezi huruma ilikuwa imekwisha na woga umebaki, na huo nimeishi nao hadi majuzi.

Ofisini mkuu wangu alisoma rasimu ya ripoti, akaniambia, "Andika kwamba hali ilibadilika baada ya mvua. Si uongo." Haukuwa uongo. Nikaandika, kwa wino. Chupa ilisema kweli mara zote tatu, na mkono ndio ulioandika hivyo.

Kwa chupa ile nyeusi kijiji kikatangulia kwenye orodha. Kisima kilijengewa ukuta na mfuniko, uzio ukazunguka, hori la ng'ombe likawekwa mbali upande wa chini, na mteremko ukapandwa nyasi ambazo sasa zinafika kiunoni. Ni moja ya kazi nzuri tulizowahi kufanya, na kwenye mafunzo nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi picha zake. Siku ya ufunguzi tulikalishwa meza kuu, na mbele ya kila mgeni iliwekwa chupa ya maji ya dukani. Mama Sidi alisoma risala, akaishukuru ofisi, akanishukuru mimi kwa jina. Siku hiyo hakuniletea kata.

Tangu hapo nilibadilisha mambo kwenye mwongozo, na wengi wenu mlinung'unika. Mliuliza kwa nini kidonge cha waridi kitumbukizwe katika kila kisima, hata kile kilichoko porini ambako hata simu haishiki. Mliuliza kwa nini ziara moja lazima iwe ya ghafla, na kwa nini barua ya kukataa iandike sababu kwa lugha ambayo mtu ataielewa. Mkuu mmoja aliniambia kwamba sababu huzaa rufaa, nami nikamwambia acha zizae. Nilipoulizwa kisa cha mabadiliko hayo nilisema ni uzoefu. Furaha, uzoefu wenyewe ni huo.

Jambo moja sikuweza kuliandika kwenye mwongozo, na hadi leo sijui lingeandikwaje: la kunywa au kutokunywa. Bwana Mutisya alikuwa na haki, na nisingekuwa na kanuni yake mwenye nyumba wa Mtwapa angenilisha sambusa hadi nione hatua tisa ni tisini. Lakini lau ningekunywa funda moja tu kwa Mama Sidi, ulimi ungeniambia kile ambacho chupa haikuweza kusema. Amueni wenyewe mkiwa mbele ya mtu, na mkikataa, mwambieni kwa nini, mwambieni vizuri, msimwachie ajijazie sababu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilishindwa kukaa. Nilimpigia simu Mama Sidi, nikamwambia siku ya Alhamisi nitakuja kumwamkia. Alifurahi. Nilichukua bodaboda kutoka Ganda, na njiani nilifanya mazoezi ya maneno, nikayasahau yote tulipofika.

Alikuwa amekaa barazani anachambua mchicha. Nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Nilimwambia bila kupamba: kwamba ruzuku huanza kupewa wenye maji mabaya zaidi, kwamba chupa zangu hazikubadilika kwa sababu ya dawa yao, kwamba nilikataa kunywa kwa amri ya kazi na wala si kwa kuyaona machafu. Nikamwambia kwamba nililijua hili tangu siku ile ya matanga.

Aliendelea kuchambua mchicha kwa muda. Kisha mikono ikasimama.

"Kwa hivyo tungekupa machafu, tungepata."

"Mngepata."

"Mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza."

"Na Dama..." Hakumaliza, nami sikummalizia. Nilikuwa nalia, yeye hakuwa analia. Aliniangalia muda mrefu, uso mkavu, na niliona hasira ikipanda ndani yake, na nikaona ni haki yake. Nilingoja anifukuze.

"Umekaa nayo miaka yote hii," alisema.

"Ndiyo."

"Nami nimekaa nikidhani tulifagia vibaya." Akasukuma ungo kando. "Niambie, mwenehu. Wewe kwenu Malindi, mgeni akija, ungempa maji ya ng'ombe?"

"La. Nisingempa."

"Basi sisi tungekupa vipi?"

 Hakungoja jibu. Aliinuka kwa kujishika goti, akaingia ndani, na nikasikia mfuniko wa mtungi. Alitoka na kata, ile ile au nyingine kama ile, akaninyoshea kwa mikono miwili.

"Leo hukuja kazini," alisema.

Niliipokea kwa mikono miwili. Kwa funda la kwanza nilijua. Maji yalikuwa na ladha ya dawa, kali, mara mbili ya kipimo, ya kufika puani. Siku tatu kabla, nilikuwa nimempigia simu kusema kwamba nakuja. Niliyanywa yote hadi chini, nikamrudishia kata, akaniuliza kama aniongeze. Nikamwambia aniongeze.